Kalamu Iliyobarikiwa



Kila mwaka nchi yetu ina vipindi viwili vya hofu. Cha kwanza ni Septemba, watoto wa darasa la saba wanapofanya mtihani wao wa mwisho. Cha pili ni Novemba, zamu ya kidato cha nne. Katika vigango vingi vya Usukuma, Jumapili inayotangulia mitihani hiyo huwa na sura yake ya pekee. Watahiniwa huitwa mbele ya altare wakiwa wameshika kalamu, rula na mikebe ya hesabu. Padre husali, hunyunyiza maji ya baraka, na kina mama hupiga vigelegele mpaka mapaa ya bati yakaitikia.

Nimeiona desturi hiyo tangu utoto wangu Kalemela, wilayani Busega, na sikuwahi kujiuliza inafanya nini. Likizo iliyopita nililazimika kujiuliza. Baada ya sala ya jumuiya, mama mmoja ambaye binti yake yuko kidato cha nne alinivuta pembeni. "Frateri," alisema, "nieleze ukweli. Ile kalamu ikibarikiwa, inamsaidia mtoto au haimsaidii?" Kabla sijafungua kinywa akaendelea. Jirani alikuwa amemwambia habari za mganga anayetoa dawa ya akili: mtoto anachanjwa kidogo, anapewa kitu cha kuficha kwenye soksi, na malipo ni mbuzi mmoja. "Mimi ni Mkristo, huko sitaki kwenda. Lakini binti yangu nyumbani anajua, akifika kwenye mtihani yote yanayeyuka. Kama kalamu haifanyi kitu, niambie mapema nijue la kufanya."

Nikamwambia, "Mayu, nipe siku mbili." Lilikuwa swali zito. Mbuzi ni mali ya nyumba, mtihani ni njia ya maisha ya msichana, na nyuma ya yote ipo imani ya mama anayetaka kubaki mwaminifu bila kumwangusha mwanawe.

Majibu ya haraka yalikuwapo mawili. La kwanza: baraka ni baraka, wewe amini tu, usiulize. Jibu hilo linamnyamazisha mtu, lakini halimheshimu, kwa sababu Mungu aliyempa imani ndiye aliyempa pia akili ya kuuliza. La pili ni lile ambalo baadhi yetu tunaosoma falsafa tunalipenda: kalamu haifanyi lolote, ni mambo ya saikolojia tu, inamtuliza mtoto. Jibu hilo linaonekana la kisomi, ila lina tundu kubwa. Kama kazi yote ni kumtuliza mtoto, basi na kile cha kwenye soksi kinatuliza. Mama angeniuliza kwa nini asimtoe mbuzi wake, na ningekosa la kusema. Kwa hiyo nilianzia mbali kidogo: kwa nini mtu anajua jambo mahali pamoja, na mahali pengine halimjii?

Kijijini kwetu yuko mzee niliyewahi kumwomba anifundishe nyimbo za kulimia. Ninyi mnaotoka Usukuma mnaujua ule utaratibu wa bugobogobo: ngoma inapigwa, majembe yanapanda na kushuka kwa pamoja, watu wanalima huku wakiimba, na shamba la pamba lililotisha asubuhi linakwisha kabla jua halijakaza. Mzee alikaa chini ya mwembe akajitahidi. Akatoa nyimbo mbili, ya tatu ikakatika katikati. Kisha akainuka, akachukua jembe lililoegemea ukuta, akaanza kuligonga ardhini kwa mapigo yale ya zamani. Nyimbo zikaja zenyewe, moja ikiivuta nyingine, mpaka nikashindwa kuandika. Hakuwa amezisahau. Zilikuwa zimefungamana na mpini, na mgongo ulioinama, na vumbi.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 1975 Duncan Godden na Alan Baddeley wa Uingereza walichapisha jaribio walilofanya na wapiga mbizi. Waliwapa orodha za maneno 36 wayajifunze, mara wakiwa nchi kavu, mara wakiwa chini ya maji, kisha wakawapima mahali pale pale au mahali pa pili. Walikumbuka zaidi walipopimwa mahali walipojifunzia. Jaribio hilo limeingia katika vitabu vingi vya kiada. Ni haki kusema pia kwamba watafiti wengine walilirudia, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2021 hayakuonyesha tofauti ile. Kwa hiyo tusijenge nyumba nzima juu ya nguzo moja. Mahali panasaidia kumbukumbu, lakini msaada huo una mipaka yake, na mwenye kujua vizuri hukumbuka hata akihamishwa.

Kinachonivutia zaidi ni kazi za Mmarekani Steven Smith. Mwaka 1978, pamoja na wenzake, alionyesha kwamba waliojifunza orodha ile ile katika vyumba viwili tofauti waliikumbuka vizuri kuliko waliojifunza mara mbili katika chumba kimoja. Mwaka uliofuata alionyesha kwamba mtu aliyehamishiwa chumba kigeni, akiambiwa akirudie kwa mawazo chumba alichojifunzia, hukumbuka karibu sawa na aliyebaki pale pale. Yaani mahali si gereza la kumbukumbu. Unaweza kupabeba kichwani ukaenda napo.

Walimu wetu wa zamani wasingeshangaa. Aristotle, katika kijitabu chake juu ya kumbukumbu na kujikumbusha, alifundisha kwamba anayetafuta wazo lililopotea huanzia kwenye kitu kinachofanana nalo, au kinachopingana nalo, au kilichokuwa jirani yake. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo, anaisimulia kumbukumbu kama mashamba mapana na majumba makubwa anamoingia kutafuta, ambamo vingine humjia upesi, vingine hukawia, na vingine humjia asipoviita. Na Mtakatifu Tomaso wa Akwino, anapoieleza fadhila ya busara, anaiweka kumbukumbu kuwa sehemu yake, kisha anatoa mashauri manne ya kuisaidia: tafuta mfano au picha isiyo ya kawaida ya kile unachotaka kukumbuka, panga mambo kwa utaratibu ili moja likufikishe kwa jingine, yatilie moyo na upendo, na uyarudie mara kwa mara. Ukiyatazama mashauri hayo, utaona mzee wa jembe aliyatimiza yote manne, ingawa hakuwahi kumsoma Tomaso.

Sasa mtazame binti wa yule mama. Anasomea jikoni usiku, kwa taa ya sola, wadogo zake wakizungumza, moshi ukipita. Siku ya mtihani anaingia chumba ambacho ingawa ni cha shule yake, kimebadilika: madawati yametenganishwa, msimamizi ni mtu asiyemjua, mlangoni kuna askari, na jina lake limegeuka kuwa namba. Hakuna hata kitu kimoja kinachomwambia, "Hapa ndipo ulipojifunza." Juu ya hayo inakuja hofu, na hofu ni mwizi wa kumbukumbu. Inachukua nafasi ile ile ya akili iliyotakiwa kushika swali.

Hapo ndipo taratibu ndogo ndogo zinapoingia. Mwaka 2016 Alison Wood Brooks na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya watu waliotakiwa kufanya jambo la kuogopesha, kama kuimba mbele ya mgeni. Baadhi walipewa kwanza utaratibu wa kufuata: chora unavyojisikia, nyunyizia mchoro chumvi, hesabu mpaka tano kwa sauti, kunja karatasi, itupe. Waliofanya hivyo waliimba vizuri zaidi, na wasiwasi ulipungua. Jambo la kutafakari ni kwamba matendo yale yale yalisaidia zaidi yalipoitwa ibada kuliko yalipoitwa matendo ya ovyo tu. Mwili ulifanya kitu kilekile, lakini maana ilikuwa tofauti, na maana ndiyo iliyofanya kazi.

Wasukuma wanalijua hili kwa njia yao. Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yaliyoshindana tangu zamani za wazee wetu, hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayevuta umati mkubwa. Wachezaji wengi hawakuingia uwanjani bila samba, dawa ya ngoma. Mwenye samba huingia kifua mbele, hacheki hovyo, hatetemeki. Atasema dawa imefanya kazi. Na kwa maana moja kweli imefanya: imemwondolea woga.

Ndugu msomaji, hapa ndipo pagumu, nami sikutaka kuparuka. Kama utaratibu wenye maana unatuliza, na utulivu unaifungua kumbukumbu, basi hirizi inaweza kumsaidia mtoto katika mtihani. Nikimwambia mama kuwa hirizi haiwezi kabisa kumtuliza mtu, nitakuwa namdanganya. Tofauti kati ya kalamu na soksi inabidi itafutwe mahali pengine, mbali na swali la nani anatuliza zaidi.

Nimeiona katika mambo matatu.

La kwanza ni ukweli. Hirizi inamwambia mtoto kwamba ujuzi uko ndani ya kile kitu. Kikidondoka njiani, kikilowa, kikikamatwa na msimamizi anayekagua, ujuzi wote umekwenda nacho. Baraka ya Kanisa haisemi hivyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba visakramenti havitoi neema kwa namna ya sakramenti. Kwa sala ya Kanisa vinatuandaa kuipokea neema na kushirikiana nayo. Kushirikiana, maana yake mtoto anabaki na kazi yake. Kalamu iliyobarikiwa haijui kanuni ya Pythagoras. Anayetakiwa kuijua ni aliyeishika.

La pili ni jirani. Dawa ya akili hutolewa gizani, na mara nyingi hutolewa pamoja na onyo: kuna mtu anakuonea wivu, kuna mtu amemfunga mtoto wako. Mama anarudi nyumbani akiwa na mbuzi mmoja pungufu na adui mmoja zaidi. Baraka hutolewa mchana, mbele ya wote, bila malipo, kwa mtoto wa mwenyekiti na kwa yatima, kwa anayeongoza darasa na kwa anayeshika mkia. Hakuna anayebarikiwa ili mwenzake ashindwe.

La tatu ni ahadi. Mganga anaahidi daraja la kwanza. Kanisa haliahidi daraja lolote. Linamkabidhi mtoto kwa Mungu pamoja na matokeo yake yote, likimwambia kuwa hata akianguka hataangukia nje ya mikono ya Baba. Hofu kubwa ya mtihani si swali namba tano. Ni wazo kwamba nikishindwa mimi si kitu. Hilo soksi haiwezi kulijibu.

Hata hivyo nasi tuna la kujichunguza. Katekisimu hiyo hiyo inasema kwamba anayehesabu nguvu za sala au alama takatifu kuwa zimo katika tendo la nje peke yake, bila moyo unaotakiwa, ameangukia ushirikina. Maana yake, inawezekana kabisa kuigeuza kalamu iliyobarikiwa kuwa hirizi ya Kikatoliki. Nilimpa mama kipimo kimoja rahisi: wino wa kalamu hiyo ukiisha katikati ya mtihani, binti atafanya nini? Akishtuka na kuona yote yameharibika, alikuwa ameshika hirizi. Akiomba kalamu nyingine kwa utulivu akaendelea, alikuwa amebarikiwa.

Mama alicheka, akasema, "Sasa umeongea. Haya, na kuyeyuka je?" Alikuwa sahihi kutoniachia. Neema hukamilisha maumbile wala haiyaondoi, na maumbile ya binti yalihitaji mazoezi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Tulimwomba katekista atufungulie chumba cha katekesi siku za Jumamosi. Mwalimu mmoja mstaafu alikubali kusimamia kwa sura ya ukali ambayo hakuhitaji kuigiza sana. Vijana tisa walikuja. Tuliyatenganisha mabenchi kama kwenye mtihani. Kila Jumamosi tulianza kwa utaratibu mmoja usiobadilika: kimya kwa dakika moja, ishara ya msalaba, sala fupi ambayo kila mmoja aliichagua mwenyewe, kisha kuandika tarehe, kisha kusoma maswali yote kabla ya kujibu hata moja. Niliwaomba wafanye hivyo hivyo nyumbani kila wanapofungua daftari, ili siku ya siku, mkono utakapogusa paji la uso, akili itambue kuwa imekwisha kupita njia hii. Niliwashauri pia wasisomee mahali pamoja tu: leo jikoni, kesho chini ya mti, keshokutwa chumba cha katekesi, ili somo lisifungwe na moshi wa jikoni. Wajiulize maswali daftari likiwa limefungwa. Na jibu likigoma, wafumbe macho kidogo, warudi kwa mawazo mahali walipolisomea, waangalie kulikuwa na nani na alikuwa anafanya nini.

Katika wiki ya tatu yule binti aligoma kwenye swali la jiografia, akafumba macho, akatabasamu, akaandika. Baadaye aliniambia kwamba alimwona mdogo wake akimwaga uji juu ya ukurasa wa mito ya Afrika. Mbuzi hadi naondoka alikuwa bado zizini.

Niliporudi seminarini niliwasimulia wenzangu, na mmoja akanirushia swali ambalo bado natembea nalo. "Kama ni hivyo," alisema, "sisi tuna tofauti gani na mbwa wa Pavlov? Kengele inalia, mbwa anatokwa mate. Kengele inalia, frateri anasema Malaika wa Bwana." Tulicheka, lakini lina uzito. Likizo huwa inatupima sote. Hapa seminarini kengele inaniamsha, kanisa liko hatua chache, kitabu cha Masifu kiko mahali pake, wenzangu wananijibu zaburi. Nyumbani hakuna kengele. Kuna ng'ombe wa kutoa, pamba ya kupalilia, wageni wa kusalimu. Je, sala yangu ni yangu, au ni ya jengo?

Jibu langu kwa sasa ni hili. Mbwa wa Pavlov hakuichagua kengele, aliwekewa. Mtakatifu Benedikto aliugawa mchana na usiku wa watawa wake kwa vipindi vya sala kwa sababu aliujua moyo wa binadamu: unapenda kweli na unasahau kweli. Aristotle alisema tunakuwa wenye haki kwa kutenda matendo ya haki, na mazoea hayo ni yetu kwa sababu tumeyachagua. Mtu huru anaweza kujitengenezea kengele zake. Nikiwa Kalemela nimeiambatanisha sala ya asubuhi na mlango wa zizi: sigusi boriti la kwanza kabla ya kufanya ishara ya msalaba. Masifu ya jioni nimeyaweka kwenye saa ile mama anapowasha taa. Boriti halinilazimishi. Linaniita kwa jina la kitu nilichokwisha kuamua.

Tena, sisi si wa kwanza. Kitabu kizima cha Agano la Kale tunakiita Kumbukumbu la Torati, na ndani yake Waisraeli wanaamriwa kuyaandika maneno ya Mungu katika miimo ya milango yao, na kuyanena walalapo na waamkapo. Yoshua alipouvuka Yordani alisimamisha mawe kumi na mawili ili watoto wakiyaona wawaulize baba zao. Na Bwana wetu, usiku ule alipotolewa, hakutuachia hotuba ya kukariri. Alituachia meza, mkate, kikombe na agizo la kurudia tendo lile kwa ukumbusho wake. Alitujua.

Kwetu kanda ya ziwa ushahidi uko karibu. Bujora, pale Kisesa nje kidogo ya Mwanza, Padre David Clement, mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alitambua kwamba Msukuma hukumbuka kwa ngoma. Ndipo hata leo sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo inaambatana na Bulabo, na Bagika na Bagalu wanashindana huko huko Ekaristi inapotembezwa. Mtoto anayekua akisikia ngoma hizo siku ya Ekaristi, atakapozisikia tena akiwa mzee, atakumbuka zaidi ya ngoma.

Wakati naandika haya, wale vijana tisa wanasubiri Novemba, na sijui watapata madaraja gani. Ninachowaomba ninyi wasomaji ni mambo mawili. Wazazi, leteni kalamu zenu zibarikiwe, kisha mtafutieni mtoto saa moja ya utulivu kila siku, kwa maana hiyo nayo ni sehemu ya baraka. Nanyi watahiniwa, mkikaa kwenye dawati lile lililotengwa, fanyeni ishara ya msalaba polepole, kama mlivyofanya kila siku mlipofungua daftari, kisha someni maswali yote. Sisi huku seminarini tutakuwa tumewataja katika Masifu ya asubuhi.